Jicho la Pili kwa Kamera Moja: Mwongozo wa Kupiga Video ya Vipimo Vitatu

Macho ya mtu mzima yametengana kwa wastani wa milimita 63 hivi, yakipimwa kutoka mboni hadi mboni, na kwa sababu ya nafasi hiyo ndogo kila jicho huiona dunia kwa namna inayotofautiana kidogo na ya mwenzake. Kitu kilicho karibu huonekana kuhama zaidi kati ya jicho na jicho kuliko kitu kilicho mbali, na uhamaji huo, unaoitwa paralaksi, ni miongoni mwa dalili kuu ambazo ubongo huzitumia kukadiria umbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilidhihirisha jambo hili mwaka 1838 alipoeleza kifaa chake cha vioo viwili, stereoskopi, ambacho kilipeleka mchoro mmoja kwenye jicho la kushoto na mwingine kwenye jicho la kulia, na mtazamaji akaona umbo lenye kina badala ya michoro miwili bapa. Mbinu zote za video ya stereoskopia zilizofuata zimefungwa na sharti hilohilo, kwamba pawepo picha mbili zilizochukuliwa kutoka sehemu mbili, na kila picha ifike kwenye jicho lake tu.

Njia iliyo wazi zaidi ya kulitimiza sharti hilo ni kufunga kamera mbili bega kwa bega, lakini njia hiyo hudai lenzi zinazofanana kabisa, mwanga uliopangwa sawasawa, na saa mbili za ndani zinazokwenda pamoja bila kupishana hata kwa sehemu ndogo ya fremu. Historia ya sinema inaonyesha jinsi mzigo huo ulivyochosha. Filamu ya Marekani Bwana Devil ya mwaka 1952, iliyosimulia habari za simba walioshambulia wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898, ilipigwa kwa kamera mbili na kuonyeshwa kwa projekta mbili zilizolazimika kwenda sambamba. Mwongozaji wake, Arch Oboler, alipoirudia stereoskopia mwaka 1966 katika filamu The Bubble, alitumia kamera moja yenye lenzi maalumu iliyopanga picha mbili, moja juu ya nyingine, ndani ya ukanda mmoja wa milimita 35. Mwenye kamera moja leo, iwe ya simu au ya kitaalamu, anaweza kufika kulekule, ila hana budi kuelewa kwamba mtazamo wa pili haupatikani bure. Utalipiwa kwa wakati, au kwa upana wa picha, au kwa utulivu wa kile kinachopigwa, na chaguo sahihi hutegemea swali moja linalotakiwa kujibiwa kabla kamera haijawashwa: ni kitu gani kinachosogea, kamera au kinachotazamwa?

Pale Kamera Inaposogea

Kamera ikipelekwa upande kwa mwendo ulionyooka huku lenzi ikitazama kwa pembe mraba na njia, kila fremu huchukuliwa kutoka mahali palipo kando kidogo ya fremu iliyotangulia. Fremu hizo mbili, zikitazamwa pamoja, ni jozi kamili ya stereoskopia, kwa kuwa kamera ilikuwa kwanza mahali pa jicho moja na baadaye mahali pa jicho la pili. Kwa hiyo video moja inatosha: hunakiliwa, nakala moja hucheleweshwa kwa fremu moja au zaidi, kisha mkondo usiocheleweshwa hupewa jicho moja na uliocheleweshwa hupewa jicho jingine. Umbali kati ya sehemu hizo mbili za kutazamia huitwa msingi, nao hupatikana kwa kuzidisha mwendo wa kamera kwa muda wa ucheleweshaji.

Mfano unaofaa kukokotolewa ni treni ya abiria ya reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba wasafiri mwaka 2017 na ambayo inapopita kati ya hifadhi mbili za Tsavo huweza kufikia kilomita 120 kwa saa, yaani mita 33.3 kwa sekunde. Kamera inayopiga fremu 30 kwa sekunde itakuwa imesafiri mita 1.11 kati ya fremu moja na inayofuata. Ikipiga fremu 60, msingi wa fremu moja utakuwa sentimita 56. Na ikipiga fremu 120, utashuka hadi sentimita 28. Wapigapicha wa stereo wamezoea kanuni ya sehemu moja kwa thelathini, inayosema kwamba msingi usizidi sehemu moja ya thelathini ya umbali wa kitu kilicho karibu zaidi ndani ya picha, hasa pale mandhari ya nyuma inapofika upeo wa macho. Kwa kanuni hiyo, msingi wa mita 1.11 unahitaji kitu cha karibu kiwe umbali wa mita 33 au zaidi, ule wa sentimita 56 unavumilia mita 17, na ule wa sentimita 28 unavumilia mita 8 na kidogo. Nguzo na uzio ulio kando ya reli utavunja kanuni katika hali zote tatu, kwa hiyo lenzi huinuliwa ili ukingo wa chini wa fremu uanzie mbele ya uzio, au vipande vyenye nguzo hukatwa wakati wa kuhariri. Kanuni yenyewe imetungwa kwa lenzi ya kawaida. Anayevuta mandhari karibu kwa lenzi ya masafa marefu apunguze msingi kwa kiasi hichohicho anachokuza picha.

Hapa ndipo kasi kubwa ya fremu inapolipa, hata kama video ya mwisho itaonyeshwa kwa fremu 30 tu. Aliyepiga kwa fremu 120 anaweza kuupa mkondo mmoja fremu ya kwanza, ya tano, ya tisa na kuendelea, na mkondo wa pili fremu ya pili, ya sita, ya kumi; akiona kina ni hafifu, anausogeza mkondo wa pili kwa fremu moja zaidi, na msingi unaongezeka kwa sentimita 28 nyingine. Msingi, ambao mwenye kamera mbili analazimika kuuamua akiwa uwanjani na kuishi na uamuzi wake, mwenye kamera moja huuchagua akiwa ameketi mezani.

Jicho lipi lipewe mkondo uliocheleweshwa ni suala linalowachanganya wengi, ingawa kanuni yake ni fupi: jicho la upande ambako vitu vinaelekea kwenye skrini ndilo linalopewa picha ya zamani. Anayesafiri kutoka Mombasa na kutazama nje kupitia dirisha la kushoto ataona miti ikikimbilia kushoto mwa picha, maana kamera inakwenda kulia kwa kadiri ya mtazamo wake. Picha iliyotangulia ilichukuliwa kutoka kushoto zaidi, na kwa hiyo ni ya jicho la kushoto. Akitazama dirisha la kulia, mambo yote hugeuka. Mikondo ikipewa macho yasiyo yake, milima huja mbele na vichaka vya karibu hudidimia nyuma yake, hali inayoumiza macho na ambayo mtazamaji asiyejua sababu yake huilaumu miwani. Kwa treni ya asubuhi, upande wa kushoto una faida nyingine, kwa kuwa jua huwa mgongoni mwa kamera, na kuanzia maeneo ya Voi upande huo huonyesha milima ya Taita, ambayo huipa picha tabaka la nyuma linaloifanya nyika isionekane kama ukuta mmoja.

Vitu Vinavyojiendea

Udhaifu mkuu wa njia hii ni kwamba picha mbili hazikuchukuliwa kwa wakati mmoja, na chochote kilichosogea katikati ya nyakati hizo kitakuwa na paralaksi ya uongo. Wengi hudhani kwamba tiba ni kufupisha ucheleweshaji, lakini hesabu inakataa. Ucheleweshaji ukifupishwa, hatua aliyopiga mtembeaji hupungua, lakini msingi nao hupungua kwa uwiano uleule. Kinachobaki kuamua ukubwa wa kosa ni uwiano kati ya mwendo wa kitu na mwendo wa kamera. Tembo anayetembea mita 1.5 kwa sekunde mbele ya treni iliyotajwa ana kosa lisilofika asilimia 5, kiasi ambacho jicho halitaking'amua, ilhali tembo huyohuyo akipigwa kutoka kwenye gari linalotambaa mita 3 kwa sekunde atakuwa na kosa la asilimia 50. Kwa maneno mengine, mwendo wa kasi, ambao kwa silika mpigapicha huuogopa, katika kazi hii ni msaada.

Lori linalosafiri kwenye barabara ya Mombasa, sambamba na reli, linatoa kielelezo kizuri cha namna kina kinavyopotoka. Likienda kilomita 60 kwa saa upande uleule wa treni iendayo 120, litaonekana kuwa mbali mara mbili ya umbali wake wa kweli, na kwa kuwa ukubwa wake kwenye picha haukubadilika, ubongo utalichukulia kuwa kubwa mara mbili. Likija kutoka upande wa pili kwa mwendo huohuo, litasogezwa hadi theluthi mbili za umbali wake na kuonekana dogo. Lori likilingana na treni kwa kasi, paralaksi yake hutoweka kabisa na litaning'inia mbali kama mwezi, ingawa linaficha vichaka vilivyo nyuma yake, na mgongano huo wa dalili ndio unaofanya mtazamaji ahisi kuna hitilafu hata asipoweza kuitaja. Vipande vyenye magari sambamba heri vitupwe.

Kwenye maji mambo ni magumu zaidi. Mashua inayopita mbele ya ufuko wa Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa mita 2 kwa sekunde, ikiwa mita 60 kutoka kwenye majengo, inahitaji msingi wa mita 2, yaani ucheleweshaji wa sekunde nzima. Katika sekunde hiyo mawimbi yamebadilika umbo, chombo kimeyumba, na mtu anayetembea ufukweni amesogea zaidi ya mita moja. Majengo yatatoka yakiwa na kina cha kupendeza, lakini uso wa bahari utametameta kwa sababu kila jicho linaona mawimbi yake. Mpigaji anaweza kuiondoa bahari kwenye fremu kwa kuinua lenzi, au akubali mmetometo huo kama sehemu ya mandhari. Kinachofaa kuepukwa ni kupiga maji mengi na ufuko kidogo.

Kamera inayosonga mbele, kama ile iliyofungwa kwenye kioo cha mbele cha gari, haifai kabisa kwa njia ya ucheleweshaji, kwa kuwa sehemu mbili za kutazamia huwa moja nyuma ya nyingine badala ya kuwa ubavuni mwa nyingine. Droni, kwa upande mwingine, hufaa sana, iwe inaruka kiubavu au inazunguka jengo huku lenzi ikielekea katikati ya duara. Ikizunguka kwa nusu kipenyo cha mita 50 na mwendo wa mita 2 kwa sekunde, fremu 25 za ucheleweshaji katika video ya fremu 30 hutoa msingi wa karibu mita 1.67, unaolingana na kanuni ya thelathini. Vibali vya mamlaka ya usafiri wa anga, na vya hifadhi pale inapohusika, hutafutwa kabla ya safari.

Kuandaa Kamera

Mipangilio ya kamera inayofaa hapa inapingana na mazoea ya video ya kawaida. Kasi ya shata, yaani muda ambao kihisi huachwa kipokee mwanga kwa kila fremu, inapaswa kuwa fupi mno, kwa sababu katika sehemu moja ya sitini ya sekunde treni husogea sentimita 56, sawa na msingi wote wa video ya fremu 60, na ukungu wa upana huo huifuta paralaksi inayotafutwa. Sehemu moja ya elfu ya sekunde hupunguza mwendo huo hadi sentimita 3.3. Fokasi, kiwango cha mwanga na mizania ya rangi hufungwa zisibadilike zenyewe. Mfumo wa kutuliza mtikisiko huzimwa, kwa kuwa husogeza kila fremu kivyake na hivyo kuongeza au kula paralaksi bila mpangilio. Simu nyingi pia hurekodi kwa idadi ya fremu inayopandashuka kulingana na mwanga. Video ya namna hiyo hubadilishwa kwanza iwe na fremu zenye nafasi sawa, la sivyo msingi utakuwa ukipanuka na kusinyaa ndani ya kipande kimoja. Kasoro moja inayoogopwa bila sababu kubwa ni kule kulala kwa nguzo kunakotokana na vihisi vinavyosoma picha mstari baada ya mstari: nguzo hulala kwa kiasi kilekile katika mikondo yote miwili, hivyo kina hakiathiriki maadamu mwendo ni thabiti.

Kioo cha dirisha hushughulikiwa kwa kuigusisha lenzi nacho na kuizungushia kitambaa cheusi, ili taa na nyuso za ndani ya behewa zisiakisiwe.

Kina kinaweza kujaribiwa papo hapo, kabla ya kuhariri chochote. Mwanafizikia Mjerumani Carl Pulfrich alieleza mwaka 1922 kwamba jicho lililofunikwa kwa kioo cheusi hupeleka habari kwenye ubongo kwa kuchelewa kidogo, kwa hiyo picha bapa inayokwenda kiubavu huonekana kuwa na kina; Pulfrich mwenyewe alikuwa haoni kwa jicho moja, na jambo lililobeba jina lake hakuwahi kulishuhudia. Mpigaji akiitazama video yake kwenye simu huku amefunika jicho la upande vinakoelekea vitu kwa lenzi moja ya miwani ya jua, na jicho la pili likiwa wazi, ataona mara moja ikiwa mwendo ulikuwa sawasawa na kama kuna kitu cha karibu kinachoudhi.

Pale Kamera Inaposimama

Watu wanaozungumza, ngoma, mpira na kila tukio ambalo uhai wake uko katika mwendo wa wahusika havipigiki kwa ucheleweshaji, na hapa kinacholipwa ni upana wa picha. Vioo vinne, viwili vidogo mbele ya lenzi na viwili vikubwa zaidi pembeni, vyote vikiwa vimeinamishwa nyuzi 45 hivi, hugawa fremu katika nusu mbili zinazoona kutoka sehemu mbili kwa wakati uleule. Kwa mtu aliye mita 2 mbele, nafasi ya milimita 65 kati ya vioo vya nje inatosha. Vioo vya nyumbani havifai, kwa kuwa rangi yake ya fedha iko nyuma na uso wa mbele wa kioo huongeza kivuli cha pili. Vinavyotakiwa ni vile vilivyopakwa upande wa mbele. Mstari wa katikati ambapo nusu hukutana huwa na ukungu, nao hupunguzwa kwa kufinya tundu la lenzi na kukatwa wakati wa kuhariri. Kinachobaki ni picha mbili nyembamba zilizosimama, jambo ambalo kwa mzungumzaji mmoja si hasara kubwa. Ipo pia njia ya kioo kimoja, kilichosimamishwa kando ya lenzi karibu sambamba na mwelekeo wake, ambapo nusu ya fremu huona mandhari moja kwa moja na nusu nyingine huiona kupitia kioo. Nusu hiyo hugeuzwa kushoto-kulia kwenye programu, na msingi wake ni mara mbili ya umbali kutoka lenzi hadi kwenye kioo.

Kwa vikaragosi na vitu visivyo na uhai, gharama ni subira tu. Kamera huwekwa juu ya reli fupi yenye vizuizi viwili, kila mkao wa kikaragosi hupigwa mara mbili, kushoto na kulia, kisha kikaragosi husogezwa. Filamu ya Coraline ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Henry Selick, ilipigwa kwa njia hiyo. Kikaragosi kilicho sentimita 60 mbele ya lenzi kinahitaji msingi wa sentimita 2 tu. Kitu kinachozungushwa kwenye meza hufuata hesabu ya ucheleweshaji: meza inayomaliza mzunguko kwa dakika moja hugeuka nyuzi 6 kwa sekunde, na fremu 15 katika video ya fremu 30 hutoa nyuzi 3, kiasi kizuri. Programu zinazotengeneza kina kutoka picha moja bapa hazimo katika mwongozo huu, kwa kuwa hukisia upande wa pili wa kitu badala ya kuuona.

Kuunganisha na Kuonyesha

Katika programu yoyote ya kuhariri, mikondo miwili huwekwa kwenye tabaka mbili, kisha husogezwa juu na chini hadi upeo wa macho ulingane, maana macho huvumilia tofauti ya ubavuni lakini huchoka upesi kwa tofauti ya wima. Sauti huachwa kwenye mkondo mmoja tu. Picha ya kushoto husukumwa kushoto na ya kulia kulia, hadi kitu cha karibu kiwe kwenye uso wa skrini na vingine vyote viwe nyuma yake. Ukingo wa skrini huchukuliwa na ubongo kama dirisha, na kitu kilichokatwa na ukingo huku kikionekana kuwa mbele ya dirisha hilo huleta usumbufu. Kingo zilizobaki wazi hukatwa. Kwa miwani ya rangi, mkondo wa kushoto hubakizwa na wekundu wake na wa kulia na kijani na buluu. Kwa kifaa cha kuvaa kichwani, mikondo hupangwa bega kwa bega.

Ukubwa wa skrini ndio unaoamua kiasi cha mwisho cha kusukuma. Sehemu za mbali kabisa zisitenganishwe kwenye skrini kwa zaidi ya milimita 63, kwani macho yangelazimika kutazama nje, kila moja upande wake, na macho hayakuumbwa kwa hilo. Milimita 63 ni asilimia 3 hivi ya skrini ya mita 2, lakini ni asilimia 0.63 tu ya skrini ya ukumbi yenye mita 10, kwa hiyo jozi iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni haionyeshwi ukumbini bila kurekebishwa. Video ya awali yenye mkondo mmoja hutunzwa ilivyo, kwa kuwa kutoka humo hutengenezwa toleo la ukumbini lenye ucheleweshaji mfupi zaidi, na jingine la skrini ndogo lenye ucheleweshaji mrefu, bila kupanda tena treni.